Uzi: Ratili, wakia, stoni na tani za Kiingereza – namna ya kubadilisha na mahali watu wanapokosea

#1 FundiMizani

Wakuu, habari za leo.

Maswali ya "ratili ngapi ni kilo ngapi" yanajirudia kwenye nyuzi za bei ya kahawa, za dhahabu, za mizigo ya ndege na za uzito wa vichanga. Mara nyingi mtu hutupa namba moja na kuondoka. Namba haina shida, shida iko kwenye jina. Wakia ziko mbili. Tani ziko tatu. Handredweti ziko mbili. Ukishajua umeshika ipi, kilichobaki ni kuzidisha tu.

Tuanze na ratili, kwa sababu zote zinatoka humo. Tangu Julai 1959, kwa makubaliano ya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ratili moja (lb, wengine huiita pauni) ni kilo 0.45359237. Hiyo ni namba kamili, haikukadiriwa. Kwa hiyo ukiona vitabu viwili vinatofautiana kwenye desimali ya tatu, kimoja kimekata namba.

Ndani ya ratili kuna wakia 16 (oz), kila moja gramu 28.3495. Ukizipasua zaidi unafika kwenye greni, ambayo asili yake ni punje ya shayiri: greni 7,000 ni ratili moja, na greni moja ni miligramu 64.79891. Wengi hawaitumii tena, lakini ikumbukeni, kwa sababu ndiyo inayounganisha mzani wa dukani na mzani wa sonara.

Kwenda juu, Waingereza na Wamarekani wanaachana njia. Uingereza: ratili 14 ni stoni moja (kilo 6.35), stoni 8 ni handredweti moja (cwt), yaani ratili 112, na handredweti 20 ni tani moja, ratili 2,240. Marekani hawana stoni. Handredweti yao ni ratili 100 kamili, na tani yao ni ratili 2,000. Kwa kilo:

tani ya Marekani (fupi): 907.18
tani ya metriki: 1,000
tani ya Uingereza (ndefu): 1,016.05

Mtu akisema "tani 500" bila kutaja ipi, kati ya fupi na ndefu kuna pengo la kilo 54,431. Hayo ni malori mawili.

Kwa kukadiria kichwani: kutoka kilo kwenda ratili, zidisha kwa mbili kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu. Kilo 82: 164, ongeza 16.4, unapata 180.4. Jibu halisi ni 180.78. Kurudi, gawa kwa mbili kisha toa sehemu ya kumi. Ratili 163: 81.5, toa 8.15, unapata 73.35. Halisi ni 73.94.

Uzi uko wazi. Mwenye fani yake aongeze.

#2 BeiMnadani

Asante mkuu. Naongeza upande wa kahawa maana hapo ndipo ratili inapogusa mifuko ya watu.

Soko la New York la kahawa ya arabika linanukuu bei kwa senti za dola kwa ratili. Minada ya Moshi na Nairobi inanukuu dola kwa mfuko wa kilo 50. London, kwa kahawa ya robusta, wananukuu dola kwa tani ya metriki. Mkulima anayesoma bei tatu hizi bila kuzileta kwenye kipimo kimoja hawezi kuzilinganisha.

Vizidishi ni viwili tu. Senti kwa ratili zidisha kwa 22.046 upate dola kwa tani ya metriki. Au zidisha kwa 1.1023 upate dola kwa mfuko wa kilo 50. New York ikiwa senti 200, ni dola 4,409 kwa tani, au dola 220.46 kwa mfuko. Kwa haraka: ichukue namba ya senti, ongeza sehemu ya kumi, umepata dola za mfuko wa kilo 50. Upungufu ni robo ya dola kwenye kila mia moja na kumi, unatosha kwa mazungumzo lakini hautoshi kwa mkataba.

Mkataba mmoja wa New York (kiasi kimoja kinachouzwa sokoni hapo) ni ratili 37,500. Hiyo ni kilo 17,009.7, sawa na mifuko 340 ya kilo 50 au mifuko 283 na nusu ya kilo 60. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuhesabu mkataba kwa mifuko ya 60 na bei kwa mifuko ya 50 ndani ya karatasi ileile.

Na angalieni, bei hizo ni za kahawa safi iliyokobolewa. Ukizilinganisha na bei ya maganda shambani, kosa lako litakuwa kubwa kuliko kosa lolote la ratili.

#3 Nafaka_Kibaigwa

Mkuu BeiMnadani, na mahindi ya soko la Chicago je? Kule wanasema busheli.

#4 BeiMnadani

Busheli kwa asili ni kipimo cha ujazo, ila sokoni imeshafungwa kwa uzito, na uzito unategemea nafaka. Mahindi busheli moja ni ratili 56 (kilo 25.40). Ngano na soya ni ratili 60 (kilo 27.22). Kwa hiyo mahindi, senti kwa busheli zidisha kwa 0.39368 upate dola kwa tani ya metriki. Senti 450 ni dola 177.16. Ngano tumia 0.36743. Ukitumia kizidishi cha ngano kwenye mahindi, bei inashuka kwa karibu asilimia 7.

Mpunga wa Marekani unauzwa kwa handredweti, na ni ile ya ratili 100. Gawa bei kwa 45.359 upate dola kwa kilo. Ukiweka 50.8 ya Uingereza utadhani mpunga ni rahisi kuliko ulivyo.

#5 MuuguziWaZamu

Niweke ya hospitali, tafadhali isomwe kwa makini.

Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wakituma habari ya mtoto kuzaliwa husema "ratili 7 na wakia 6". Usiandike 7.6. Ratili ina wakia 16, si 10. Ratili 7 na wakia 6 ni wakia 118, mara 28.35, sawa na gramu 3,345. Ukiandika 7.6 na kuiweka kwenye simu ikubadilishie, utapata gramu 3,447. Zimeongezeka gramu 102 ambazo mtoto hana. Kwa kichanga anayefuatiliwa kama anaongezeka uzito, gramu 102 zinaweza kuficha kwamba hajaongezeka kabisa.

Utaratibu salama ni uleule kila mara: geuza ratili zote ziwe wakia (mara 16), jumlisha wakia zilizobaki, ndipo uzidishe kwa 28.35.

Kosa la pili ni zito zaidi. Dozi nyingi za watoto zinahesabiwa kwa kilo ya mwili. Mtoto wa ratili 33 ana kilo 15. Dozi ya miligramu 15 kwa kilo ni miligramu 225. Mtu akiandika "33" kwenye nafasi ya kilo, dozi inakuwa 495, zaidi ya mara mbili. Mzazi akikutajia uzito, muulize kipimo gani, kisha mpime tena mwenyewe kwa mzani uliowekwa kwenye kilo. Kwenye faili andika kilo peke yake. Usiandike zote mbili kwa kuzitenganisha na mkwaju (/), kwa sababu anayesoma saa nane za usiku ataokota ile ya karibu na jicho.

#6 Dada_Leicester

Dada Muuguzi, ahsante sana. Huku Uingereza watu wazima wanajipima kwa stoni. Kilo 82 nikigawa kwa 6.35 napata 12.91. Hiyo ni stoni 12 na ratili 9?

#7 MuuguziWaZamu

Hapana dada. Hilo ni ndugu wa lile kosa la 7.6. Ile 0.91 ni sehemu ya stoni, na stoni ina ratili 14. Zidisha 0.91 kwa 14, ni 12.7. Kilo 82 ni stoni 12 na ratili 13 kasoro kidogo. Kurudi: stoni 11 na ratili 9 ni 154 jumlisha 9, ratili 163, kilo 73.9.

#8 SonaraForodhani

Nimesubiri mtu aguse dhahabu.

Wakia inayotajwa redioni kwenye bei ya dhahabu si wakia ya kupimia siagi. Ni wakia ya troi, mimi naiita wakia ya sonara. Ina greni 480, yaani gramu 31.1035. Ya dukani ina greni 437.5. Tofauti ni asilimia 9.7. Wakia 175 za sonara ni sawasawa na wakia 192 za dukani, bila desimali. Hapo ndipo zile greni za FundiMizani zinapofanya kazi.

Tuseme bei ni dola 3,000 kwa wakia (namba ya mfano). Gawa kwa 31.1035, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 96.45. Aliyegawa kwa 28.35 atapata 105.82, na atakataa bei halali akidhani anaibiwa. Au, akiwa yeye ndiye mnunuzi, atalipa dola 9 zaidi kwa kila gramu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba wakia ya sonara ni nzito kuliko ya dukani, lakini ratili ya sonara ni nyepesi kuliko ya dukani. Sababu ni kwamba ratili ya troi ina wakia 12 badala ya 16: greni 5,760 dhidi ya 7,000, gramu 373 dhidi ya 454. Siku hizi ratili ya troi haitumiki katika biashara, ila ukisoma maandishi ya zamani ya fedha na dhahabu utaikuta.

Sasa tola. Kwa masonara wa Kihindi wa pwani yetu na kwa soko la Dubai, tola ni greni 180, gramu 11.664. Gawa 180 kwa 480: ni tatu juu ya nane. Kwa hiyo bei ya tola ya dhahabu safi ni bei ya wakia mara 3 gawa kwa 8. Dola 3,000 inakuwa dola 1,125. Na biskuti ya tola 10 ni wakia 3.75 kamili, gramu 116.64. Hesabu hii haihitaji kikokotoo.

Usisahau karati (24 ni dhahabu safi). Bangili ya gramu 42 ya karati 22 ina dhahabu safi gramu 38.5 (42 mara 22 gawa kwa 24), yaani wakia 1.238. Uzito kwanza, usafi pili, bei mwisho. Anayeanza na bei huwa anaruka hatua ya usafi.

#9 KijanaWaGeita

Mkuu Sonara, kamzani kadogo ka mfukoni kana kitufe cha kubadilisha: g, oz, ozt, dwt, ct, gn, na tl. Hiyo tl ndiyo tola?

#10 SonaraForodhani

Usiichukulie hivyo. Kwenye mizani mingi ya aina hiyo "tl" ni teli ya Wachina, na ya Hong Kong ni gramu 37.43, zaidi ya mara tatu ya tola. Ili kuwa na hakika, weka jiwe la gramu 100 la kusahihishia mzani, kisha bonyeza kitufe hatua kwa hatua na usome:

oz, ya dukani: 3.527
ozt, ya sonara: 3.215
dwt, peniweti (greni 24, ishirini ndani ya wakia ya sonara): 64.30
gn, greni: 1,543.2
ct, karati ya uzito wa vito, gramu 0.2: 500
teli ya Hong Kong: 2.672
tola: 8.574

Namba utakayoiona ndiyo itakayokwambia kipimo ni kipi, hata kama maandishi ya kioo yamefutika. Na usichanganye karati ya uzito wa vito na karati ya usafi wa dhahabu. Jina ni moja, kazi mbili.

Jambo la pili, vimzani hivi vinarudi kwenye kipimo cha mwisho kilichotumika. Mteja akibonyeza kwa bahati mbaya kikahamia dwt, pete ya gramu 6.2 itasoma 3.99. Soma herufi kabla ya kusoma namba. Na kwa kuuzia rasmi, tumia mzani uliokaguliwa na kuwekwa alama na Wakala wa Vipimo, uliofungwa kwenye gramu.

#11 Mwamba_Chunya

Kwa wanaosoma ripoti za zamani za miamba, za nchi zilizokuwa chini ya Uingereza: wingi wa dhahabu humo umeandikwa peniweti kwa tani, si gramu kwa tani. Ripoti inaposema "dwt 8 kwa tani" lazima ujue tani ipi. Kama ni ndefu ya ratili 2,240, peniweti moja kwa tani ni gramu 1.531 kwa tani ya metriki, na nane ni gramu 12.2. Kama ni fupi ya ratili 2,000, moja ni gramu 1.714, na nane ni 13.7. Migodi iliyofuata desturi ya Afrika Kusini ilitumia tani fupi hata ndani ya himaya ya Waingereza, kwa hiyo usiamue kwa bendera. Tafuta ukurasa wa vipimo, au tafuta mahali ripoti inapotaja tani na ratili pamoja ujipigie hesabu.

Wakia ya sonara kwa tani fupi ni gramu 34.286 kwa tani ya metriki. Kampuni za Marekani bado huandika hivyo.

#12 Msafiri_Doha

Swali fupi. Begi langu la kilo 23 kamili litapita kwenye mzani wa ratili 50?

#13 FundiMizani

Kilo 23 ni ratili 50.7. Ratili 50 ni kilo 22.68. Mashirika mengi huandika zote mbili kwenye tiketi kana kwamba ni sawa, lakini mzani wa kaunta ukiwa wa ratili na mhudumu akiwa mkali, hizo gramu 320 zinakuhusu. Funga begi kwa kilo 22.5. Kwa begi la kilo 32, ratili 70 ni kilo 31.75.

#14 Mhasibu_wa_Bandari

Kwa wanaotumia Excel, kuna kanuni ya CONVERT, lakini ina mitego mitatu.

=CONVERT(A2,"lbm","kg") ndiyo ratili ya uzito. Ukiandika "lbf" ni ratili ya nguvu, itakukatalia.

Wakia ya uzito ni "ozm". Ukiandika "oz" tu, Excel inaelewa wakia ya ujazo wa vimiminika na itakupa kosa. Afadhali kosa linaloonekana kuliko jibu baya. Na wakia ya sonara haimo kabisa; andika mwenyewe =A2*31.1034768 upate gramu.

"ton" ni tani FUPI ya Marekani. Ya Uingereza ni "uk_ton". Vilevile "cwt" ni ya ratili 100 na "uk_cwt" ni ya ratili 112. Hapa Excel haikukatalii, inakupa jibu lenye sura nzuri na kosa la asilimia 11 hadi 12. Nimeshaona orodha za shehena zikibishaniwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya herufi tatu hizi.

Mtego wa nne haumo kwenye CONVERT, uko kwenye kugawanya ratili na wakia. Kilo 3.17 ni ratili 6.9887. Ukichukua 6 kisha ukazidisha 0.9887 kwa 16 unapata 15.8, ukikadiria inakuwa 16, na karatasi inachapisha "ratili 6 wakia 16". Kadiria jumla ya wakia kwanza: =ROUND(A2*1000/28.349523125,0) inatoa 112. Ndipo ugawe kwa 16: INT (namba nzima) kwa ratili, MOD (baki) kwa wakia. Ratili 7, wakia 0. Stoni nazo zifanyie vivyo hivyo.

#15 Rubani_Mstaafu

Wanaodhani haya ni mambo ya karatasi tu, wasome ndege ya Air Canada namba 143, tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 kutoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Vipimo vya mafuta vya ndani vilikuwa havifanyi kazi, kwa hiyo walipima kwa kijiti na kupiga hesabu kwa mkono.

Walihitaji kilo 22,300. Ndani ya matangi mlikuwa na lita 7,682. Walizidisha kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Lakini 1.77 ni ratili kwa lita, ndiyo iliyokuwa imezoeleka kwenye ndege za zamani. Ndege hii ilikuwa ya metriki, ikihitaji karibu 0.803, kilo kwa lita. Wakatoa: 22,300 kasoro 13,597 ni 8,703. Wakagawa tena kwa 1.77, wakaongeza lita 4,917.

Hesabu sahihi: 7,682 mara 0.803 ni kilo 6,169. Pungufu ni kilo 16,131, ambazo ni lita 20,088. Waliongeza robo tu ya kilichotakiwa. Jumla waliyoruka nayo ilikuwa ratili 22,300, zikiwa zimevaa jina la kilo.

Injini zote mbili zilizimika angani, wakaiteremsha kama kishada kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, Manitoba. Hakuna aliyekufa.

Tazameni mahali hesabu ilipojificha. Kizidishi kilekile kilitumika kwenda na kurudi, kwa hiyo kila aliyeihakiki kwa kurudia hatua zilezile alipata jibu lilelile. Kuhakiki kwa kurudia hakusaidii. Hakiki kwa kipimo: andika kitengo pembeni ya kila namba, lita mara ratili kwa lita inatoa ratili, na hapo jicho lingekataa neno "kilo" lenyewe.

#16 JikoniKwaBiMkubwa

Rubani, ahsante, hilo la kuandika kitengo nalipeleka jikoni leo hii.

Kwetu jikoni kosa kubwa ni wakia ya uzito na wakia ya ujazo. Mapishi ya Marekani yakisema maziwa "wakia 8" ni ujazo, mililita 237. Yakisema chokoleti "wakia 8" ni uzito, gramu 227. Kwa maji na maziwa tofauti ni ndogo, ndiyo maana watu hawajifunzi. Jaribu asali: kikombe cha wakia 8 za ujazo kinapima karibu wakia 12 za uzito. Unga wa ngano ni kinyume chake, kikombe hichohicho hakizidi wakia 4 na robo, karibu gramu 120, na ukiushindilia unaongezeka. Keki inayotoka ngumu kama tofali mara nyingi ni ya mtu aliyepima gramu 227 za unga akidhani kikombe ni wakia 8.

Siagi yao inafungwa vipande vya wakia 4, gramu 113.

Tena wakia ya ujazo ya Uingereza ni mililita 28.4 na ya Marekani ni 29.6. Kwa chakula cha kawaida msihangaike nayo. Painti ndiyo ya kuangalia: ya Uingereza ina wakia 20, ya Marekani 16.

#17 Mwalimu_Hisabati_Tabora

Mkuu FundiMizani, niruhusu nisahihishe kitu kwenye #1. Umetoa njia mbili za kichwani kana kwamba zina usahihi sawa. Hazina. Ya kwenda (mbili na sehemu ya kumi) inatumia 2.2 badala ya 2.2046, inapungua asilimia 0.2. Ya kurudi (nusu kasoro sehemu ya kumi) inatumia 0.45 badala ya 0.4536, inapungua asilimia 0.8, karibu mara nne. Kwenye ratili 1,000 unapoteza kilo 3.6.

Marekebisho: ukishapata jibu la kurudi, ongeza kilo 0.8 kwa kila kilo mia. Mfano wako, 73.35 inaongezeka karibu 0.59, inakuwa 73.94.

#18 FundiMizani

Uko sahihi kabisa mwalimu, nimekubali. Wanaotumia #1 waongeze marekebisho hayo.

#19 Mkarafuu_Wete

Shikamooni wakubwa. Nina nakala za hati za karafuu za zamani. Zimechanganya frasila, tani, na sehemu nyingine imeandikwa "3-2-17". Nisomeeni.

#20 FundiMizani

Marahaba. Tuanze na 3-2-17. Hiyo ni handredweti, robo, na ratili, kwa mfuatano huo. Robo hapa ni robo ya handredweti, ratili 28, isichanganywe na robo ya ratili ya dukani ambayo ni wakia 4. Kwa hiyo 3 mara 112 ni 336, 2 mara 28 ni 56, na 17. Jumla ratili 409, kilo 185.5. Ikiwa na namba nne, ya kwanza ni tani. Namba ya katikati haizidi 3 na ya mwisho haizidi 27. Ukiona 2-5-10, ama mwandishi alikosea au si mfumo huu.

Frasila: maandishi mengine yanasema ratili 35, mengine 36, na yote yana sababu. Kwa mzani wa zamani wa Unguja, wakia ilikuwa uzito wa riali moja ya Maria Theresa (sarafu ya fedha), gramu 28.07, kidogo chini ya wakia ya Kiingereza. Kumi na sita zinafanya ratili ya gramu 449. Ratili 3 ni mani moja, mani 12 ni frasila, yaani ratili 36 za Unguja. Hizo 36 ukizipima kwa ratili za Kiingereza ni karibu 35.6. Wafanyabiashara walipohesabu kwa Kiingereza walitumia 35, kilo 15.88.

Hiyo 35 ilikuwa rahisi kwao kwa sababu inaingia kwenye tani ndefu bila baki: 2,240 gawa kwa 35 ni 64. Kagua hati zako kwa namba hiyo. Palipo na frasila na tani kwenye mstari mmoja, gawa. Ukipata 64, tani ni ndefu na frasila ni ya ratili 35. Ukipata karibu 62, frasila ni ya 36 kwa ratili za Kiingereza. Ukipata karibu 63, huenda tani ni ya metriki na hati si ya zamani sana, au tani ni ndefu na frasila ni ya ratili 36 za Unguja.

Karafuu tani 10 kwenye hati ya namna ya kwanza ni frasila 640, kilo 10,160. Usiziandike 10,000.